Pengo Kati ya Visanduku
Hotuba kwa walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari, Arua

Ndugu walimu wenzangu, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, vijana mnaosomea ualimu, hamjambo. Asanteni kwa kunipa nafasi. Mlioshuka kwenye basi la Kampala alfajiri ya leo najua mmechoka, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Nimekuja na gunia. Lilikuwa la unga. Nikalifumua, nikalifua, nikalianika. Wenzetu wa shule za msingi wanalijua sana, maana kuta za madarasa yao zimejaa magunia yenye alfabeti, sehemu za mwili na jedwali za kuzidisha. Hili langu lina visanduku saba vilivyochorwa kwa makaa na kukolezwa kwa wino. Halina neno hata moja. Naomba vijana wawili walinyanyue juu ili walioketi nyuma waone.

Wana wa Pakwach na Nebbi mmeshaitambua hadithi. Ni ya ndugu wawili, Gipir na Labongo. Tembo aliingia shambani, Gipir akanyakua mkuki uliokuwa karibu, akamrushia. Mkuki ulikuwa wa Labongo. Tembo akakimbia nao mwilini. Labongo akataka mkuki wake, uleule, si mwingine. Gipir akaenda hadi nchi ya tembo, akakutana na bibi kizee aliyemsaidia, akarudi na mkuki pamoja na shanga. Siku zikapita. Mtoto wa Labongo akameza ushanga mmoja, na sasa ikawa zamu ya Gipir kudai ushanga wake, uleule, si mwingine. Mwisho wake mnaujua. Mtoto akapasuliwa tumbo ushanga utolewe. Ndugu wakatengana kando ya Nile, mmoja akavuka kwenda magharibi na mwingine akabaki mashariki. Wapo wanaoisimulia kwa kubadilisha majina. Nyumbani kwangu husimuliwa hivi.

Tazameni kisanduku cha kwanza. Gipir ameinua mkuki. Katika cha pili, mkuki umo ubavuni mwa tembo. Nani kati yenu ameona mkuki ukiruka? Sikuuchora. Umeruka vichwani mwenu. Huo weupe mwembamba ulioachwa kati ya kisanduku na kisanduku ndio niliokuja kuusemea leo. Wachoraji wanaujua tangu zamani, na mwaka 1993 Mmarekani Scott McCloud aliandika kitabu kizima, chenyewe kikiwa cha vibonzo, kueleza kwamba msomaji ndiye anayekamilisha kinachotokea mahali hapo. Mimi nauita pengo. Nadai kwamba kwa mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda, pengo hilo ni mahali pazuri kuliko pote pa kumfanya mwanafunzi aseme.

Niwaeleze lilivyonifikia. Nilikuwa na darasa la Kidato cha pili lenye wanafunzi 84. Humo walikuwamo Walugbara, Waalur, Wamadi, Wakakwa, vijana wa Aringa, na watoto wa wakimbizi kutoka Kongo na Sudan Kusini. Wanaofundisha karibu na makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi wanajua darasa la namna hiyo linavyosikika wakati wa mapumziko. Nilitundika gunia hili, nikawaambia wasimulie. Walikwenda vizuri hadi kisanduku cha sita, ambapo Gipir amenyoosha kiganja na Labongo amesimama mlangoni ameshika kisu. Cha saba kinaonyesha mto na makundi mawili yakipeana mgongo. Kati ya cha sita na cha saba hakuna kilichochorwa.

Darasa lilinyamaza. Kisha kijana mmoja, ambaye muhula mzima nilikuwa sijasikia sauti yake, akasimama akasema: "Mwalimu, mama yake alikuwa wapi?"

Nilimwomba arudie, si kwa sababu sikumsikia. Ilikuwa sentensi kamili, ngeli iko sawa, wakati uko sawa, na ilikuwa na uchungu ndani yake. Mama wa yule mtoto hayumo katika kisanduku chochote. Sikuwa nimemfikiria. Wakaanza kubishana: alikuwa shambani, alikuwa mtoni, alizuiwa mlangoni, hapana, alikuwepo akalia hawakumsikiliza. Walibishana kwa Kiswahili kwa sababu darasa lile halikuwa na lugha nyingine ya kubishania ambayo wote wangeielewa, isipokuwa Kiingereza, nacho huwa wanakihifadhi kwa majibu ya mtihani. Kengele ikalia, wakaendelea nje.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifundisha kwa michoro, na polepole nikahama kutoka magunia hadi vitabu vyenyewe, hizi tunazoziita riwaya za michoro: hadithi ndefu inayobebwa na visanduku, viputo vya maneno na hayo mapengo. Najua baadhi yenu jina hilo linawakumbusha katuni za magazetini na kicheko. Sina ugomvi na kicheko. Lakini mwaka 1992 tuzo maalumu ya Pulitzer ilikwenda kwa Art Spiegelman kwa kitabu cha vibonzo kuhusu baba yake aliyenusurika mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Mlango ulifunguliwa zamani.

Na mlango huo ulifunguliwa na mwalimu. Jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Rodolphe Töpffer alikuwa na shule ya bweni mjini Geneva, Uswisi, na hadithi zake za michoro alianza kuzichora miaka ya 1820 ili kuwaburudisha wanafunzi wake. Zilipochapishwa miaka ya 1830, Ulaya ikapata kitu ambacho wengi leo wanakihesabu kuwa mwanzo wa vibonzo vya kisasa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba vibonzo vimeingia darasani kutoka mtaani, mweleze kwamba vilitoka darasani kwenda mtaani.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana hapa ndipo nataka tukae.

Mwambie mwanafunzi asimulie visanduku viwili vya kwanza. Hawezi kuruka pengo bila -ka-. Gipir aliinua mkuki, akaurusha, ukamchoma tembo, tembo akakimbia. Ile -li- inafungua mlango, kisha -ka- zinapita moja baada ya nyingine. Miaka mingi nilifundisha -ka- kwa jedwali ubaoni. Wanafunzi walijaza nafasi zilizoachwa wazi, wakapata alama, halafu ukiwaomba wasimulie likizo wanarudi kwenye "nilienda, nilifika, nilikula, nililala", kama mtu anayebisha hodi mara nne kwenye nyumba ambayo ameshakaribishwa. Jedwali halimpi mtu sababu ya kutumia -ka-. Pengo linampa, kwa sababu tukio la pili limezaliwa na la kwanza na yeye ndiye anayeliunganisha.

Walimu mnaotoka Buganda, wanafunzi wenu wanayo hiyo tayari. Mtoto anaposikia hadithi kwa Luganda, "n'agenda, n'atuula", anatembea katika njia ileile. Mkumbusheni tu.

Kuna na -me-. Muulize darasa: Labongo mlangoni anafanya nini? Nusu watasema "anasimama". Wanatafsiri kutoka Kiingereza, wala hawajui kama wanatafsiri. Mchoro unatatua jambo hili bila maelezo marefu. Chora mtu aliyekunja magoti, mkono umeshika ukuta, anajiinua: huyo anasimama. Chora mwingine wima, ametulia: huyo amesimama. Hapo tena Luganda inasaidia, maana anayesema "ayimiridde" na "atudde" hana haja ya kufundishwa tofauti hiyo upya. Sisi wa huku, wenye wanafunzi wa Kilugbara ambacho si Kibantu, mchoro unatufaa zaidi, kwa kuwa hatuna cha kukumbushia.

Na ngeli! Hadithi hii imenipa zawadi ambayo sikuitafuta. Mkuki na ushanga, vitu viwili vilivyowatenganisha ndugu, vyote vinachukua u- vikiwa kimoja: mkuki umepotea, ushanga umemezwa. Vikiwa vingi vinaachana: mikuki imepotea, shanga zimemezwa. Nilipowaonyesha hivyo, binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasema nao wameachana kama Gipir na Labongo. Hajakosea tena ngeli hizo mbili, wala mimi sitamsahau.

Tanakali za sauti pia, ambazo katika vitabu vyetu vya kiada huwekwa kama orodha ya kukariri. Katika kibonzo zinapata makazi. Ushanga unatumbukia mtoni, chubwi! Mtu anaanguka, pu! Usiku umeingia, chora kisanduku cheusi chote na uandike giza totoro. Wanafunzi wangu wakichora huanza na hizo kabla ya watu.

Nifike kwenye jambo ambalo nadhani ni letu zaidi, sisi Waganda na Wanyankole na Waacholi na Walugbara, yaani sisi wa Uganda. Kiswahili kiko katika Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Karatasi zimekamilika. Kinachobaki kiko masikioni mwa wazazi. Wengi wa rika langu walikisikia Kiswahili kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki, kikiamuru: toka, leta, lala chini. Mzee mmoja aliniambia mwanawe akisoma Kiswahili kwa sauti jioni, yeye huinuka akatoka nje. Siwezi kumlaumu.

Kitabu cha kiada hakina namna ya kuligusa jeraha hilo, kwa sababu sentensi zake hazina mdomo. "Juma anakwenda sokoni." Nani kasema? Katika riwaya ya michoro kila kiputo kina mkia, na mkia lazima uelekee kinywani mwa mtu. Basi tunachagua kinywa. Kisanduku cha nne hapa, bibi kizee wa nchi ya tembo anampa Gipir mkuki na shanga. Nilipowaambia wanafunzi waongeze viputo, yeye ndiye aliyepata maneno mengi kuliko wote. "Karibu, mwanangu. Kaa, ule kwanza." Kiswahili kikatoka kwa nyanya, chenye chakula ndani yake. Kundi jingine lilimchora mama muuza samaki wa soko la Arua akipunguza bei. Mtoto anayekisikia Kiswahili kutoka kwa hao, kwa mwaka mzima, atakuwa na kitu cha kumsomea yule mzee, na pengine mzee atabaki kitini.

Mtaniuliza kuhusu uwezo. Kitabu ni kimoja, wanafunzi ni 84, umeme hakuna. Ndiyo sababu nilianza na gunia. Gunia moja hadithi moja, linaonekana hadi nyuma, halichaniki, mvua ikipenya bati unalianika tena. Si lazima uwe msanii; kichwa cha mviringo na mikono ya vijiti vinatosha, mradi uwe umeamua vizuri utaacha nini bila kuchora. Uamuzi huo ndio somo. Shule ikipata fedha kidogo, nakala tano za kitabu cha michoro zinalisha darasa zima kwa makundi yanayopokezana, kwa sababu ukurasa mmoja unaweza kusomwa na watu kumi walioinamia pamoja, jambo lisilowezekana kwa ukurasa wa maandishi matupu. Msinakili kitabu kizima kwenye fotokopi. Mchoraji anakula kwa jasho hilo, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda.

Halafu kuna watoro, ambao sipendi hata kuwaita hivyo. Huyu amerudishwa nyumbani kwa ada, yule ni siku ya mnada, mwingine mama yake amejifungua. Gene Luen Yang, Mmarekani aliyekuwa mwalimu kabla ya kujulikana kwa vitabu vyake, alikuwa akilazimika kukosa baadhi ya vipindi vya aljebra, akawaachia wanafunzi masomo aliyoyachora kama vibonzo. Waliyapenda, na sababu waliyompa ni kwamba wakichorewa wanaweza kurudi nyuma wasome tena kwa mwendo wao. Mwalimu akiongea, maneno yamepita. Gunia lenyewe bado linaning'inia Jumatatu mtoto akirejea.

Upimaji hausumbui. Alama 20 kati ya 100 za mtihani wa Kidato cha nne sasa zinatokana na kazi za mwanafunzi shuleni. Kisanduku kimoja kilichokamilishwa kwa maneno, maelezo ya mdomo ya pengo moja, hizo ni kazi unazoweza kuzisikiliza, kuzisahihisha na kuziandika kwenye rejista.

Pingamizi nililolisikia mara nyingi zaidi, na safari moja kutoka kwa mkuu wa shule niliyemheshimu sana, ni kwamba michoro inamlemaza mtoto asisome. Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham aliwatia hofu wazazi wa Marekani kwa kitabu kilichodai vibonzo vinaharibu watoto, hadi Baraza la Seneti likafanya vikao. Namjibu mkuu wangu kwa kumwomba ajaribu kusoma kisanduku cha sita kwa dakika moja, kisha aniambie alichokisoma: macho ya Labongo, kiganja cha Gipir, mlango ulio wazi nusu, kisu. Huko nako ni kusoma, na ni kugumu. Lakini onyo moja nalikubali: mwalimu asome kitabu chote kabla ya kukifungua darasani. Mchoro wa damu hauwezi kurukwa kwa sauti kama unavyoweza kuruka aya.

Wala tusidhani hiki ni kitu cha kuagizwa ng'ambo. James Tumusiime, raia mwenzetu wa Uganda aliyekuja kuanzisha kampuni ya uchapishaji ya Fountain, alichora vibonzo vya Bogi Benda katika magazeti ya Kenya miaka ya 1970. Wasomaji wa Taifa Leo walikua na Juha Kalulu wa Edward Gitau, kwa Kiswahili. Hapo ng'ambo ya mpaka wetu, Kongo, gazeti la vibonzo la vijana lilianza Kinshasa mwaka 1968, na Barly Baruti, mmoja wa wachoraji wakubwa wa bara hili, ni mzaliwa wa Kisangani. Kenya walianza vibonzo vya Shujaaz mwaka 2010, kwa Sheng, na vijana wakaisoma kwa hiari yao. Najua Sheng inawakera baadhi yenu. Mimi naona kiputo ni mdomo, na midomo haisemi kama kamusi. Tuwape wanafunzi kiputo cha mtaani, kisha tuwaambie wakiandike upya kama barua kwa mkuu wa wilaya. Wataona tofauti wenyewe.

Kinachokosekana ni cha kwetu: riwaya za michoro kwa Kiswahili, zenye Nile yetu, boda boda zetu, posho na matoke, watu wa Kabale na Moroto, kwa kiwango cha mtoto anayeanza Kiswahili akiwa na miaka 13. Wachapishaji waliomo ukumbini nawaomba kwa moyo wote wasisubiri hadi mtaala uwaagize. Tunao wachoraji, tunao walimu, na hadithi tunazo nyingi kuliko vyote.

Wakati tunasubiri, nina ombi. Kila shule ichore gunia moja kwa hadithi ya kwao, bila maneno, tubadilishane muhula ujao. Buganda walete Kintu na Nambi. Bugisu walete safari ya kijana kuelekea imbalu, tohara ya kwao. Gunia la Mbale likija Arua, wanafunzi wangu wataliwekea Kiswahili bila kumsikia aliyelichora, na nyinyi mtafanya hivyo kwa hili langu. Nimeongeza kitu juu yake, mtakiona mkilisogelea: pembeni mwa kisanduku cha sita, nyuma ya ukuta, kuna mwanamke. Yule kijana ndiye aliyemchora.

Gunia letu jipya bado halijakauka. Kidato cha pili wanachora safari ya basi kutoka hapa hadi Kampala. Wamefika daraja la Pakwach bila ugomvi, wamevuka, sasa wako Karuma, na tangu Jumatano wanabishana kama wale nyani wa kando ya barabara wapewe viputo au wanyamaze.